Kitabu Chenye Vema

Kijiwe chetu kiko Changamwe, pale malori ya bandari ya Kipevu yanapopunguza mwendo, na benchi yetu ni mbao za makreti zilizopigiliwa misumari na mtu asiyejua kazi. Kahawa tungu hutuuzia Kafedha. Mimi huja kuinywa kwa amani, ila amani hapa haijapata kupatikana. Alasiri ile Changawa, tunayemwita Winchi kwa kuwa aliendesha winchi bandarini miaka thelathini, alikuja na vitabu viwili vya nota. Jumapili ni mwaka mmoja tangu mkewe, Mwalimu Sarah, afariki, naye amekusudia kumpigia fidla kanisani kile kipande alichokipenda, cha Mtaliano mmoja wa kale. Shida ni asome kitabu kipi.

WINCHI: Kipande ni kimoja, tazameni. Hiki cha zamani kimejaa alama. Hiki kipya, kaniletea binti yangu, ni nota tupu. Wameandika mle ndani kwamba mtungaji hakutia alama hizo. Walizitia watu wa baadaye.

Klaring akakidaka kile kipya. Yeye ni Musyoka, hutoa mizigo bandarini, na kila jambo kwake ni kontena.

KLARING: Manze, mzee, huu mzigo umechomolewa vitu njiani! Ulitoka umejaa, umefika mtupu.

KAFEDHA: Wacha wewe. Wino umepanda bei.

KLARING: Ama alama zilifutwa na hewa ya chumvi.

MIMI: Chumvi ifute alama iache nota?

KLARING: Haraka haraka haina baraka!

Methali ile haikuwa na kazi pale, lakini aliitamka kama hakimu, nikarudia kahawa yangu.

KAFEDHA: Na hizi namba juu ya nota? Tatu, tatu, moja, tatu?

WINCHI: Za vidole. Tatu ni kidole cha pete.

KAFEDHA: Si ndiyo! Chanda chema huvikwa pete! Huyo Mtaliano alikuwa akiposa. Alama kaziandika mchumba, na hicho kitupu ni cha baada ya kuachana.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Winchi hakucheka. Aliweka kidole juu ya kijialama kidogo, V, kwenye kitabu cha zamani.

WINCHI: Mimi nazililia hizi. Nilijifunza peke yangu, nikamuuliza Sarah V ni nini. Akaniambia, mume wangu, huijui alama ya vema? Hapo mtu amepiga vizuri. Basi miaka arubaini na moja, kila nikifika kwenye V, yuko kando yangu, anasema polepole, "Vema." Nikisoma kitupu, nitamsikia wapi?

Nilimkumbuka Mwalimu Sarah na chaki yake. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu walipata vema yao ya kwanza kwake, nami mmojawapo. Nilimhuzunikia upya, wallahi, kama amekufa jana.

Hapo akafika Nyambura, mpangaji mpya, ana fidla mgongoni. Hufundisha watoto muziki kanisani.

NYAMBURA: Shikamooni wazee.

WINCHI: Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie. Hii V ni vema, sivyo?

NYAMBURA: Hapana, mzee. Hiyo ni ya upinde. Inakuambia uusukume uende juu.

Kafedha alimtazama kwa jicho ambalo mimi nisingelitamani.

WINCHI: Si vema?

NYAMBURA: Si vema, mzee.

Winchi akacheka kidogo, na machozi yakamtoka bila haya.

WINCHI: Arubaini na moja! Na mwalimu mzima! Basi nitasoma hiki cha zamani, na kwangu mimi ni vema. Mtaliano atanisamehe.

KLARING: Mzigo umepita!

Tukapiga makofi. Kafedha akajaza vikombe, jambo likawa limekwisha. Nyambura alikuwa bado anapekua kile kitabu.

NYAMBURA: Lakini mzee, ukurasa huu unaisha katikati ya kipande, na hapo mikono yako yote miwili ina kazi. Nani hukufunulia ukurasa?

Winchi akageuza shingo upande wa kushoto, kwa mazoea, pale alipokuwa akisimama Mwalimu Sarah, kisha akainamisha kichwa.