Vereczkei Emőke na Upande Wake wa Kushoto

Dada yetu, Dkt. Vereczkei Emőke, alizaliwa Makó, Hungaria, tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa wakulima wa vitunguu. Mimi, Kálmán, ndiye niliyemfuata. Alisoma hapo hapo Makó, kisha akasomea udaktari katika mji wa Szeged na kuhitimu mwaka 1985. Baba alitaka arudi kutibu majirani. Yeye akachagua kuchunguza vichwa vya watu wasioumwa.

Katika maabara yake ya ubongo, mtu alivalishwa kofia ya nyaya za kupimia mawimbi ya ubongo, akakazia macho alama iliyo katikati ya kioo cha kompyuta, huku mawazo akiyapeleka kushoto au kulia bila kugeuza jicho. Akiyapeleka kushoto, mdundo wa ubongo hufifia upande wa kulia wa kichwa na kupata nguvu upande wa pili, kama mtu anayefunga dirisha la barabarani ili asikie la uani.

Ndivyo alivyompata mume. Mwaka 1989 fundi saa Sipos Lőrinc alijitolea kuvaa kofia, na mdundo wake ukaenda kombo kila mara.

"Bwana, si nimekwambia kushoto?"

"Na wewe hapo kulia umesimama kufanya nini, daktari?"

Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1990, wakajaliwa binti, Boróka.

Desturi ya maabara ilikuwa mkuu aijaribu kofia kichwani mwake kabla ya mgeni. Mwanzoni mwa 2022, kila Emőke, ambaye sasa ndiye alikuwa mkuu, alipoivaa, upande wa kulia ulikataa kubadilika. Akabadilisha nyaya, akaagiza kofia mpya. Vipimo vyake akavifuta, maana kwao kipimo kibovu hufutwa. Nyumbani nako alikula kabichi za nyama zilizokuwa upande wa kulia wa sahani tu.

"Mama, hizo za kushoto zimekukosea nini?" Boróka alimtania.

"Zipi?" akauliza, na meza nzima ikacheka.

Majuto ni mjukuu. Septemba aligonga kwa gari nguzo ya kushoto ya lango lake mwenyewe, na picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kulia, uliomfanya asitambue tena kilicho kushoto kwake. Daktari alisema ungeonekana mapema, kisu kingeuwahi.

"Kofia ilikuwa nzima," Emőke alituambia. "Nimefundisha wengine kusoma mawimbi hayo. Yangu nikayatupa."

Alifariki Szeged tarehe 4 Februari 2023. Siku hiyo Lőrinc alikaa kando ya kitanda, kushoto kwake, tangu asubuhi, ameushika mkono wake.

"Bado hajafika?" dada aliniuliza.

"Nani?"

"Lőrinc. Si kawaida yake kuchelewa."

Shemeji akainuka, akazunguka kitanda. Alipofika upande wa pili, dada alikuwa ameshafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Ameacha mume, binti, na mimi mdogo wake. Mungu ampumzishe, na amjulishe kwamba Lőrinc hakuchelewa.