Jovia Ihirwe Hakuacha Dawa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Umulisa, dada yake Jovia, na huyu anayelia mgongoni ni mwanangu, mtamvumilia, familia imeniomba nisome kwa kuwa nilimuuguza mpaka mwisho.

Jovia Ihirwe alizaliwa tarehe 9 Agosti 2001, Kayanga, wilayani Karagwe, Tanzania, mtoto wa pili wa mama yetu Mukeshimana na marehemu baba yetu Viateur, naye alikohoa tangu uchanga, mama akawaambia wauguzi kwamba akimbusu mtoto midomo inabaki na chumvi, wakacheka, hakuna aliyeandika.

Mwaka 2010 tulihamia Kinyinya, hapa Kigali, akamaliza shule ya msingi mwaka 2016, akiwa amechelewa kwa sababu mara mbili alitibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, na wenzake wakakatazwa kukaa naye dawati moja.

Mwaka 2019 alianza kazi ya kushona nguo za harusi, ambako mwenzake Uwera alimgonga mgongo kila asubuhi ili makohozi yalegee. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini mwanangu alimwita yeye mama kabla ya kuniita mimi.

Tarehe 6 Februari 2023 daktari alipima jasho lake, akakuta chumvi ile aliyoisema mama, akatupa jina la ugonjwa, sistiki faibrosisi, wa kuzaliwa nao, usioambukiza, unaofanya makohozi kuwa mazito, na vijidudu vilivyojificha humo vilikuwa vimeshakuwa sugu kwa vidonge. Aliandikiwa antibayotiki ya kuvuta kwa mashine, ifike mapafuni kwenyewe, siku ishirini na nane avute, siku ishirini na nane apumzike. Vichupa vilihitaji baridi, Usumani muuza maziwa akaviweka kwenye friji lake, akimtania, "Dada, maziwa yako haya hayanyweki." Jovia aliongezeka kilo saba.

Novemba 2024 karani wa mradi unaogawa dawa hiyo alimuuliza kama jana yake amevuta, akajibu hapana, ni siku za kupumzika, karani akaandika kwamba mgonjwa ameacha dawa, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya wanaopewa dawa. Tulikwenda mara tatu, tukaambiwa, "Si uliacha mwenyewe?" Aliulizwa hivyo mbele ya watu, mtu aliyeamka saa kumi na moja kila siku ya dawa ili avute kabla ya kazi! Muuguzi Ingabire aliandika barua mbili, hazikujibiwa, vijidudu vikarudi, na Jovia akafariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nane mchana, nimemshika mkono.

Tunawashukuru daktari, Ingabire, Uwera na mafundi wenzake, Usumani, na majirani mliotupikia.

Lakini katika faili lao bado imeandikwa kwamba aliacha dawa. Mimi niliishia darasa la saba, ila agizo la daktari naweza kulisoma, na kesho Jumatatu, saa tatu, nitalisoma mezani kwa karani huyo mpaka afute maneno yake, anayependa kunisindikiza aje.

Pumzika, mdogo wangu, yaliyobaki tutayasema sisi.