Ianthe Blenman na Upatu wa Visiwa

(Wasifu wa marehemu, umeandikwa na kusomwa na shemeji yake, Selwyn Blenman wa Speightstown, Barbados)

Marehemu Ianthe Orlean Blenman aliingia katika ukoo huu kwa mapatano ya barabarani. Mwaka 1973 Selwyn alikuwa kijana mwenye kibanda cha soda kwenye lango la shule ya msingi, na Ianthe alikuwa muuguzi mpya wa zahanati ya jirani. Kila asubuhi alipita pale akikikazia macho kile kibanda kana kwamba kimemtukana. Siku moja akasimama.

"Kaka, hiki kibanda kihamie kituo cha basi."

"Dada, wateja wangu wanavaa kaptula. Kule kituoni ni wazee watupu, na mikono yao mizito kutoa pesa."

"Kakako Carlisle ananisumbua kila Jumapili twende ufukweni. Hamisha, na Jumapili hii nitakwenda."

Selwyn alipima pande zote mbili, akaona kaka yake atamchosha zaidi kuliko wale wazee. Kibanda kikahama. Ndoa ilifungwa tarehe 21 Juni 1975, katika kanisa hili hili la Mtakatifu Petro, na Selwyn alijigamba miaka yote kwamba harusi ile ilitoka mfukoni mwake.

Ianthe alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Boscobelle, mtoto wa nne wa marehemu Fitzgerald Bynoe, mkata miwa, na marehemu Elmina. Alisoma Speightstown, akahitimu uuguzi Bridgetown mwaka 1972, na mwaka 1984 akapata shahada ya afya ya jamii nchini Jamaika, huku Carlisle akibaki na watoto wawili na sufuria lililoungua.

Wodini alikuwa kijumbe wa upatu wa wauguzi, akikusanya michango ya wote na kumpa mmoja mmoja kwa zamu. Aliyetaka zamu ya kwanza aliulizwa kwanza jina la mama yake na anakoishi. Hakuna aliyepokea akakimbia. Wenzake walidhani hiyo ni kazi ya pembeni tu. Baadaye ilionekana kwamba ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Kisukari kilimkata Carlisle mguu wa kulia mwaka 2002. Yeye, dereva wa basi aliyeijua kila kona ya kisiwa, alikaa barazani miaka minne akihesabiwa vidonge, akafariki tarehe 9 Mei 2006. Matanga yalipokwisha, Ianthe alimgeukia Selwyn mezani.

"Ukimwi uliwakutanisha wakubwa wa dunia nzima. Haya yetu je? Kisukari, presha, moyo, saratani, yanatumaliza nyumba kwa nyumba. Nani ataitisha kikao?"

"Shem, dunia haiitwi na kisiwa ambacho inzi akitua kwenye ramani hukioni tena."

"Pale Umoja wa Mataifa kisiwa chetu kina kura ngapi?"

"Moja."

"Na nchi kubwa kuliko zote?"

Selwyn akaendelea kula.

Mwaka 2008 wizara ilimpeleka New York, katika ofisi ya uwakilishi wa kisiwa. Wengi walikuwa wakiisukuma hoja ile, wa visiwani na wa nje, wala familia haidai kwamba alikuwa peke yake. Lakini kwenye sebule yake ya Brooklyn, Jumamosi moja, Selwyn alikuwapo, akiwa amekuja mjini kutafuta mashine ya kujazia chupa za kiwanda chake cha soda. Ianthe alikuwa amewaalika mabalozi wa visiwa, akawaandalia samaki wa mvuke na matango. Wageni wakawa wapole mno. Mtu wa visiwani kwetu akiwa mpole mezani, ujue anaitafuta kofia yake.

Selwyn akamvuta jikoni. "Unawaomba kura siku ya Jumamosi bila nguruwe wa ndimu? Shem, hata mimi nisingekupa."

"Nawaomba dhidi ya presha, halafu niwape nguruwe wa chumvi?"

"Wape kidogo. Mkubaliane sahani ndogo."

Sahani ndogo za nguruwe zikaletwa kutoka mkahawa wa jirani, na ndimi zikafunguka. Hapo Ianthe akatandaza upatu. Kila kisiwa kina jambo lake, akasema: huyu ndizi zake hazina soko, yule vimbunga, yule samaki wanaoibiwa. Sisi sote tutaweka sauti zetu pamoja kwa jambo la mmoja, kisha la mwingine, mpaka zamu ziishe.

"Na wewe unapokea lini, Mama?" aliuliza Balozi Theophile, mwenye ndizi, ambaye kisiwa chake familia imeombwa isikitaje.

"Mwisho."

Selwyn almanusura aangushe sinia. Wageni walipoondoka alimwambia, "Wa mwisho hulamba sufuria. Wakishapokea wote, nani atakukumbuka?"

"Selwyn, wale wote nawajua mama zao."

Zamu zikazunguka. Hatimaye yakasambazwa maandishi ya kuwaita wakuu wa nchi kwenye kikao juu ya magonjwa yasiyoambukiza. Kwa utaratibu uliotumika, ikiwa hakuna nchi iliyopinga mpaka adhuhuri ya siku iliyopangwa, yamekubaliwa. Ukimya ndio kura. Lakini mmoja tu akiomba muda, kila kitu kinarudi mwanzo.

Asubuhi ya siku hiyo Selwyn alikuwa ofisini kwa Ianthe, ameambiwa akae na asiguse kitu. Simu ikalia. Alikuwa Theophile, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye kiti cha Selwyn.

"Mama, kuna watu wa nchi kubwa hapa. Wanataka kisiwa chetu kiombe muda kidogo tu. Wameahidi mambo ya ndizi, mazuri kuliko yale mliyonipa."

Selwyn aliifahamu bei ile. Yeye mwenyewe angeikubali.

"Theophile, wewe umeshapokea?"

"Nimepokea, Mama."

"Basi, baba."

Akaweka simu chini, asiongeze neno. Selwyn anakiri kwamba yeye angeongeza, na angeharibu. Walikaa wakiitazama simu kama watu wanaotazama mpira hewani uwanjani, mdakaji akiwa chini yake. Adhuhuri ikafika, ikapita. Hakuna nchi iliyosema kitu. Kisha mlango ukafunguliwa na ofisi nzima ikaingia ikishangilia, na Ianthe, aliyekuwa na miaka sitini na moja, akacheza katikati ya meza mpaka kiatu kikamtoka. Mwaka uliofuata wakubwa wa dunia walikaa, wakazungumza, wakapitisha tamko.

Aliishi na presha miaka ishirini, akimeza dawa kwa saa. Tarehe 12 Novemba 2023, akikuna boga la konki, ile mikate ya mahindi ya kufungwa kwenye majani ya mgomba tunayokula Sikukuu ya Uhuru, alipatwa na kiharusi. Alifariki hospitalini Bridgetown tarehe 19.

Ameacha watoto wawili, Corbin na Marguerita, wajukuu watano, dada yake Velda, na shemeji mmoja.

Theophile alibaki na soko la ndizi alilopewa, akalikosa lile lililoahidiwa. Dunia ilitoa maneno mengi na fedha haba, na Ianthe alilisema hilo waziwazi mpaka mwisho. Kikao alikipata, Carlisle hakukiona. Kodi ya vinywaji vya sukari ilipokuja kisiwani, Selwyn aliuza magari mawili ya soda na kumnunia shemeji yake Krismasi nzima. Ianthe akamjibu kwa kumburuta kwenda kupimwa. Sukari ilikutwa juu, ikawahiwa mapema. Leo ameingia kanisani humu kwa miguu yake yote miwili, akilishika jeneza upande wa mbele.

Mungu ampumzishe kijumbe wetu kwa amani. Zamu yake ameipokea.