Ndanu Makau Ndolo, Mama Panya wa Umoja

Marehemu Ndanu Makau Ndolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za reli za Makongeni, Nairobi, kitinda mimba wa Mzee Makau, karani wa reli. Akiwa shule ya msingi alirudishwa nyumbani kwa kuingia darasani na panya mzima mfukoni mwa sweta. Mama yake alimchapa. Baba yake alicheka hadi akakohoa.

Baada ya sekondari Machakos alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1983 akaajiriwa katika maabara ya chuo kikuu. Huko swali lake lilikuwa moja: panya akipigwa mionzi, wanawe wanaozaliwa baadaye hurithi nini? Alipima watoto, akapima na wajukuu. Alipoona madhara alisema, na asipoona alisema vilevile, hata wakubwa wake walipotamani habari ya kusisimua. Hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Mwaka 1985 aliolewa na Philip Ndolo, mchonga vinyago. Walihamia mtaa wa Umoja, wakajaliwa Kavinya na Owen. Mtaani akaitwa Mama Panya, na akaitika bila kinyongo. Kavinya ndiye jina hilo lilimchoma, maana wenzake walimwimbia: "Mathe wako anachoma mapanya na eksirei! Mtazaa watoi wako na mikia!"

Utani ulipita, hofu ikabaki. Kavinya alipoolewa na Githinji mwaka 2021, mama mkwe wake, Waringa, aliuliza waziwazi kuhusu hiyo mionzi. Kavinya akawa anaahirisha kuzaa. Mwishowe alimkabili mama yake jikoni.

"Mama, niambie ukweli. Yaliyowapata hao panya yatatupata?"

"Wale tuliwapiga mionzi mingi, tena makusudi. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta wa kuizuia. Na kwa binadamu watafiti wametafuta sana, hawajapata ushahidi wazi kuwa watoto hurithi madhara." Kisha akaweka mwiko chini. "Lakini nikiwa na mimba yako niliogopa, mwanangu. Nilikuzaa hivyo hivyo, nikiogopa."

Januari 2025 Ndanu alipatwa na kiharusi. Wapo walionong'ona kuwa ni mionzi. Madaktari walisema ni presha, ambayo kwa ukaidi wake hakuitibu. Kavinya, ambaye baada ya mazungumzo yale aliacha kuahirisha, alijifungua msichana tarehe 2 Februari, akampeleka wodini kwa mama yake. Kwa mkono uliobaki na nguvu, Ndanu alikagua vidole, akageuza masikio, kama alivyokagua vichanga vya panya, halafu akampapasa mgongoni hadi chini.

"Mkia hakuna," alisema, akicheka huku analia.

Alifariki tarehe 9 Februari. Ameacha mume, watoto wawili, mkwe wake Githinji, na mjukuu huyo. Kwa desturi ya kina Githinji, msichana wa kwanza alipaswa kuchukua jina la Waringa, mama wa baba yake. Lakini jana kwenye matanga Waringa alisimama, akamchukua mtoto.

"Huyu aitwe Ndanu," alisema. "Langu lingoje wa pili."

Mungu ampe Ndanu mkubwa pumziko la amani. Ndanu mdogo ndiye huyo mnayemsikia akilia.