Historia ya Dada Yetu Nyundo, Askari Magereza na Mshona Pochi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mdogo wake wa kumfuatia, na nimepewa kusoma historia hii si kwa hekima yangu, bali kwa kuwa nimezunguka nchi nyingi nikipika melini, na familia inaamini mtu aliyeona bandari nyingi halii mbele za watu, jambo ambalo si kweli, kwa hiyo nikinyamaza katikati mnivumilie.

Dada yetu, ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Nyundo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na saa hiyo baba na baba mdogo walikuwa wanapigana nje wakigombea uzio, hadi mkunga akatoka na ndoo ya maji, akawamwagia wote wawili, akawaambia, "Mtoto kashafika, nyamazeni, asije akadhani dunia ndiyo hii." Wazee walinyamaza, lakini mtoto alikuwa kashasikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akafukuzwa mwaka 1975 kwa kumng'oa kiranja meno mawili ya mbele, akahamishiwa shule ya ng'ambo ya reli, ambako alimaliza bila kesi nyingine, kwani mazoezi alikuwa anayafanyia nyumbani, na gunia lake la mazoezi ndilo hili limesimama mbele yenu limevaa suti. Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa askari katika gereza la wanawake, akatumikia hapo hadi alipostaafu mwaka 2021.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na shemeji yetu, dereva wa gari la mikate, aliyeikanyaga baiskeli ya dada kwenye geti la gereza akirudi nyuma na gari, dada akamzaba kofi, shemeji akashika shavu, akauliza, "Mkono haujaumia?" na mpiganaji wetu akakosa pa kushika. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, mmoja fundi umeme, mwingine mwalimu, na wote wamerithi mikono ya mama yao.

Mwezi Agosti 1999, katika ghasia za bwalo la chakula, mfungwa mmoja alimchoma begani kwa kijiko kilichonolewa sakafuni, naye, kijiko kikiwa bado kimesimama begani, alimbeba yule mfungwa hadi seli, akafunga mlango, ndipo akaanguka. Vidole vyake vilikufa ganzi, daktari akamwagiza ashone vitambaa ili vipate nguvu, akashona kidogo akavitupa, akisema kitambaa hakina ubishi, ukikichoma kinakubali tu, yeye anataka kitu cha kumrudishia ngumi. Ndivyo alivyoingia kwenye ngozi, na tangu hapo meza ya jikoni haikuwa na nafasi ya sahani, ilikuwa kisu, nyundo, msharasi wa kutobolea, na sindano mbili alizopitisha katika kila tundu, moja ikija nyingine ikienda, kwa uzi mwekundu uliopakwa nta, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ushike.

Alichoshona ni pochi za kuwekea pesa, na hakuuza hata moja. Kila mfungwa aliyemaliza kifungo alitoka getini na ya kwake, tupu, pamoja na maneno haya, "Ijaze kwa jasho, ukirudi hapa nakunyang'anya, halafu nakupiga nayo." Ya shemeji ilikuwa ya pekee, kwa kuwa shemeji ni mtu wa mkono wa kushoto, na nafasi ya kidole gumba, ile ya kusukumia noti, aliikata kushoto, za wengine zote kulia.

Pochi hiyo ya shemeji ndiyo iliyoibwa kwenye foleni ya benki tarehe 7 Septemba 2024, na dada alinuna wiki nzima, si kwa vilivyokuwemo, bali kwa kuwa mtu kaichomoa kazi ya mikono yake. Jumamosi tarehe 14, sokoni, alimwona mwashi mmoja akilipia misumari kwa pochi ya uzi mwekundu. Hakuuliza. Alimpiga ngumi ya sikio, mwashi akaangukia makopo ya rangi, na dada akapaza lile neno ambalo sokoni likishatoka halirudi, mwizi.

Watu walikuja na mbao, mawe na nondo. Pochi ilikuwa imedondoka miguuni pake, imefunguka, naye akaona nafasi ya kidole gumba iko kulia. Ilikuwa mojawapo ya zile za getini, mama yake mwashi alitoka nayo gerezani, akampa mwanawe alipopata kibarua cha kwanza, lakini hayo tumeyajua baadaye, pale dada alijua jambo moja tu, kwamba huyu siye. Akapiga kelele, "Siye, mwacheni, nimekosea mimi," na mtu akamjibu, "Mama kaa pembeni, tunakusaidia," na nondo ikapasua taya la mwashi.

Ndipo dada yetu, mwenye goti bovu na miaka hamsini na minane, alipomlalia yule mwashi, akamfunika kichwa kwa mikono yake, na wasaidizi wakaendelea kumsaidia. Walimvunja mbavu, wakamvunja mkono uleule uliofufuliwa na ngozi, jiwe likamwingia nyuma ya sikio, naye alipigana kutoka chini, kwa meno, kwa kisigino, bila kumwachia mtu wake, na mmoja aliyeng'olewa jino siku hiyo yuko hapa leo, ameziba mdomo kwa leso, nami simtaji kwa sababu ananijua ninapolala.

Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 18 Septemba, saa nne asubuhi, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Nendeni mkaulize kama anakula, taya lake nimelivunja mimi, nondo niliazima tu."

Jana wapwa zangu waliniambia, "Mjomba, huyo mwashi akikanyaga hapa, jeneza moja halitatosha." Nikawajibu nikiwa karibu na mlango, maana ujasiri wangu wote huwa karibu na mlango, kwamba mama yenu kalala juu ya mtu huyu asipigwe, na ngumi yoyote ya kumfikia lazima ipite kwake kwanza. Mkubwa alipiga ukuta, na jibu lao sijalipata hadi sasa.

Mwashi yupo, amesimama kule nyuma na mama yake, taya limefungwa waya. Namwomba aje mbele akae katikati ya wapwa zangu, na mstari unaofuata niliuandika kwa penseli, nitausoma akishakaa.

Ahsanteni, wanangu, kwa kumpisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake wa gerezani, wenzake shemeji wa kiwanda cha mikate, na majirani mlioleta viti na maturubai, pamoja na ninyi mliokuwa sokoni, ambao sijui niwashukuru kwa lipi, ila mmekuja kumtazama usoni, na hilo nalo si dogo.

Nyundo, dada yangu, shusha mikono ulale. Mtu wako amekaa, na hakuna anayemgusa.