Dirisha Linalotazama Barabara Kuu

Fundi cherehani alikuwa njiani kutia saini mkataba wa nyumba, na furaha ilimshinda kukaa nayo peke yake. Akamsimulia mzee aliyeketi kando yake kwenye basi: vyumba vitatu, dirisha la mbele linatazama barabara kuu, na ng'ambo ya barabara litajengwa soko.

"Mwanangu, hapo hutalala," mzee akasema. "Mumeo anafanya kazi gani?"

"Mlinzi wa usiku. Analala mchana."

"Masikini, umemmaliza!"

Fundi akacheka, akatoa simu. Alikuwa ameshinda kutwa kwenye kibaraza cha nyumba ile akirekodi malori na honi zake. Wiki nzima sasa, mumewe akilala, yeye humwashia sauti hiyo chini ya kitanda. "Hajageuka hata ubavu, baba. Jana chaji ikaisha, kukawa kimya. Akakurupuka: 'Kuna nini?'"

Mzee alijikaza asicheke, akashindwa. "Haya, usingizi umepona. Na soko lisipojengwa, utamshonea nani hapo?"

Swali hilo ndilo lililomkosesha fundi usingizi wiki nzima. Akaiwasha rekodi ile, akaongeza sauti ya simu. Honi ikalia basi zima. Dereva akatazama kioo, akasogea pembeni haraka, akasimama kupisha lori.

Nyuma hakukuwa na kitu.

"Ahsante, dereva, mimi nashuka hapa hapa!" fundi akasema, akateremka mbio huku abiria wakiangua kicheko.

Mzee akachungulia dirishani. "Wewe! Jibu la soko hujanipa!"