Tundu kwenye Bandeji ya Fundi Soli

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vipuri, na mwisho wake ndipo Fundi Soli anaposhonea viatu. Ana kisukari, na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kina miezi mitatu. Kliniki walimwekea bandeji ya jeli, laini na ya baridi, yenye dawa ya kuua vijidudu, ikae siku tatu. Kesho anarudi, wakikuta usaha bado upo, kidole kinakatwa. Asubuhi hii alivua kiatu akatuonyesha: jeli ina tundu. Mimi kazi yangu kumimina kahawa, lakini nililiona.

— Vijidudu hivyo, akasema Kinyozi. Vimezidiwa na dawa, vimetoboa vikakimbia.

— Vimekimbilia wapi?

— Nitajuaje? Mimi mtu wa nywele.

— Acheni ushamba, akadakia Injinia, fundi redio. Jeli karibu yote ni maji. Kidonda kina joto. Maji yamechemka, mvuke umetafuta pa kutokea.

— Kuchemke mguuni mwangu nisisikie?

— Wewe unasikia nini mguuni? Juzi nilikukanyaga, ukaendelea kunisimulia mechi.

— Hilo kweli.

— Basi ni sukari! Kinyozi akapiga paja. Sukari inavuja, jeli imekuwa tamu, sisimizi wamekula.

— Sisimizi ndani ya kiatu? Fundi akauliza.

— Na bandeji ya kwanza nayo ilitoboka? Injinia akamuuliza.

— Ya kwanza, ya pili, zote. Pale pale.

— Umeona? Kiwandani wanazitoboa makusudi, ili urudi!

Fundi hakucheka.

— Jamani, kesho nakatwa kidole.

Dada mmoja alikuwa amefika kuchukua viatu vya mwanawe, na akawa anapitisha vidole ndani, polepole, mpaka mbele. Fundi humwamuru kila mteja afanye hivyo kabla ya kuondoka, kwa sababu msumari uliojitokeza hauonekani kwa macho.

— Viko salama, akasema. Na hicho chako, Fundi, nani hukikagua?

Kinyozi alichungulia kikombe chake kitupu. Injinia alianza kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika.

Fundi aliingiza mkono kwenye kiatu chake, akauchomoa ghafla.

— Aah!

Kidole cha mkono kilikuwa kinatoka damu. Nilimpa kitambaa, hakukipokea. Alikigeuza kiatu, akaitazama soli aliyoipiga mwenyewe.

— Hii niliipiga lini vile?

Sote tulijua, maana siku ile aliwanunulia wote kahawa akijisifia kazi hiyo. Miezi mitatu.